Joto na Uchachukaji wa Sukari: Jaribio kwa Shule za Uvira



1. Utangulizi

Mama mandazi wa mtaa wa Kimanga hapa Uvira hahitaji kufundishwa kwamba unga wenye hamira huumuka upesi huku ziwani, kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kuliko kule juu kwenye milima ya Itombwe penye baridi. Mwanafunzi naye huingia darasani na wazo hilohilo: joto likizidi, kazi inazidi. Mara nyingi sisi walimu tunamwonyesha chupa mbili za hamira na sukari, ya baridi na ya vuguvugu tu, naye anatoka akiamini vivyo hivyo. Hiyo ni nusu ya ukweli.

2. Kinachofanyika chupani

Hamira ni kuvu hai wa chembe moja. Sukari ya mezani huigawa kwanza kuwa glukosi na fruktosi, kisha huzigeuza kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi. Kikemia, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za alkoholi na 88 za gesi. Watendaji ni vimeng'enya: mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba hata majimaji yaliyokamuliwa kwenye hamira iliyosagwa huchachusha sukari. Vimeng'enya ni protini. Joto huviharakisha, lakini likipita kiasi huviharibu, kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni.

3. Jaribio

Chukua chupa nne za soda za kioo. Kila moja itiwe mililita 150 za maji na vijiko viwili vidogo vya sukari, kisha ikae katika beseni lake: la nyuzi 5 za Selsiasi (lenye barafu), la 25, la 35 na la 60. Maji ya chupa yakishafikia joto la beseni, tia kijiko kimoja cha hamira kavu, vika puto mdomoni, na upime mzingo wake kwa uzi kila baada ya dakika 5.

Kuna mtego. Puto la nyuzi 60 huvimba kidogo hata hamira ikiwa imekufa, kwa sababu ya mvuke na hewa inayopanuka. Kwa hiyo katika beseni hilo la 60 iwekwe pia chupa ya tano, yenye maji, sukari na puto lakini bila hamira, ya kulinganishia.

Baada ya dakika 40, hamishia chupa ya baridi na ile ya nyuzi 60 kwenye beseni la 35. Ya baridi itaanza kutoa povu, ya moto itabaki kimya. Hamira ya kwanza ilikuwa imelala, ya pili imekufa.

4. Mapendekezo

- Kila shule iwe na kipimajoto, kidole hakitoshi.
- Hamira ijaribiwe kabla ya somo, maana pakiti iliyokaa wazi hupoteza nguvu.
- Kilichomo chupani kisionjwe.
- Kila mwanafunzi achore grafu yake ya mzingo wa puto dhidi ya joto la beseni. Katika mtihani tusimuulize joto hufanya nini, tumuulize kwa nini mstari wake ulipanda kisha ukashuka.