Lugha ya Vijana katika Simu za Mkononi: Kiswahili na Chasu katika Kata ya Bendera, Same



1. Utangulizi

Malalamiko kuhusu lugha ya vijana ni ya zamani kuliko simu ya mkononi. Hata hivyo, tangu ujumbe mfupi ulipoenea nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hasa tangu mitandao ya kijamii ilipoingia katika simu, malalamiko hayo yamepata mshitakiwa mpya. Walimu husema kwamba wanafunzi huandika "xaxa" badala ya "sasa" hata katika insha. Wazazi husema kwamba hawaelewi wanachoandikiana watoto wao. Wapenzi wa Kiswahili nao huhofu kwamba lugha sanifu inabomolewa.

Mhadhara huu unaitazama hofu hiyo katika mahali mahususi, yaani Kata ya Bendera katika Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro. Hoja yake kuu ni kwamba hofu imeelekezwa pasipostahili. Maandishi ya vijana hayakivunji Kiswahili. Lugha inayokosa nafasi katika simu ya kijana wa Bendera ni Chasu, lugha ya wazazi wake.

2. Bendera na lugha zake

Bendera iko katika tambarare ya mashariki ya Milima ya Upare Kusini, wakati mji wa Same uko upande wa pili wa milima hiyo. Ukanda huu hauko mbali na Mkoa wa Tanga, ambako Kisambaa huzungumzwa, na kilimo cha umwagiliaji cha mpunga katika Ndungu iliyo jirani kimewavuta watu wa asili mbalimbali. Wenyeji wengi ni Vaasu, ambao kwa Kiswahili huitwa Wapare, na lugha yao ni Chasu.

Mgawanyo wa kazi baina ya lugha ulikuwapo kabla ya simu. Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi, ofisi, soko na ibada, na ndiyo inayowaunganisha watu wa makabila tofauti. Kiingereza ni lugha ya kufundishia katika sekondari. Chasu ni lugha ya nyumbani, ya wazee na ya shughuli za ukoo. Kwa hiyo kijana wa Bendera anaposhika simu kwa mara ya kwanza, tayari ni mjuzi wa kuchagua lugha kulingana na mahali na mtu.

3. Uchambuzi wa maandishi ya vijana

Ujumbe mfupi ulikuwa na kikomo cha herufi na nafasi 160. Kikomo hicho kiliibana lugha ya Kiswahili kwa namna ya pekee. Katika telegramu za zamani malipo yalihesabiwa kwa neno, na mwandishi wa Kiswahili alinufaika, kwa kuwa kitenzi kama "hatutakupelekea" hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Katika ujumbe mfupi neno hilohilo lina herufi 15. Vijana wakatafuta njia ya kulifupisha.

Njia waliyoipata ina kanuni. Katika "2nakuja" na "k2", tarakimu 2 husomwa kwa jina lake la Kiingereza na kusimama badala ya silabi "tu". Katika "cjui" na "cku", herufi c husomwa vilevile kwa jina lake la Kiingereza na kusimama badala ya "si". Lakini katika "7bu", yaani "sababu", na "p1", yaani "pamoja", tarakimu husomwa kwa Kiswahili. Hakuna anayeufundisha mfumo huu darasani, na bado msomaji hajikwai, kwa sababu silabi inayotakiwa humwonyesha ni lugha ipi aitumie.

Ni muhimu kuona kwamba kipimo cha ufupisho huu ni silabi. Tarakimu 2 husimama badala ya kiambishi cha nafsi katika "2nakuja", na badala ya mzizi katika "k2". Silabi wazi, ambazo ni msingi wa fonolojia ya Kiswahili, ndizo zinazoufanya mchezo huu uwezekane. Ndani ya "ha2takuja" viambishi vyote vimo mahali pake: ukanushi, nafsi, wakati na mzizi. Anayeandika hivyo ameionyesha sarufi yake, hajaipoteza.

Udondoshaji wa irabu nao si mgeni. "Ntakuja" na "nmefika" ni matamshi ya kawaida ya watu wazima yaliyoingia katika maandishi. Aidha, kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo mara nyingi zilimwachia msomaji kazi ya kutofautisha baadhi ya irabu na konsonanti. Tahajia sanifu ya leo ni zao la kazi iliyoongozwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Katika kitabu chake cha mwaka 2008, mwanaisimu David Crystal alionyesha kwamba hata katika Kiingereza vifupisho vingi vilivyolaumiwa vilikuwapo kabla ya simu.

Neno "xaxa" linahitaji maelezo mengine. Lina herufi nne, sawa na "sasa", hivyo halipunguzi chochote. Kazi yake ni ya kijamii: humtambulisha mwandishi kuwa ni wa kundi la vijana na humwambia msomaji kwamba mazungumzo ni ya kirafiki. Kosa linatokea tu neno hilo linapovuka mpaka na kuingia katika insha. Hilo ni kosa la rejesta, na dawa yake ni kufundisha rejesta.

4. Msamiati mpya na sarufi ya zamani

Msamiati wa simu unathibitisha jambo hilohilo. "Kubipu", "kuchati" na "kuposti" ni vitenzi vya mkopo, lakini kijana husema "amenibipu" na "imepostiwa", akifuata unyambulishaji wa Kiswahili. "Bando" limeingia katika ngeli ya LI-YA, na ndiyo maana "bando limeisha" na "mabando yamepanda bei". Reuster-Jahn na Kießling, katika uchunguzi wao wa mwaka 2006 kuhusu lugha ya mitaani Tanzania, waliona pia kwamba ubunifu wa vijana umejikita katika msamiati.

Mfano mkubwa zaidi uko jirani na Upare. Wambugu wa Usambara wana hazina mbili za maneno ndani ya sarufi moja: Kimbugu cha kawaida, ambacho kiko karibu na Chasu, na Kima'a, ambacho maneno yake mengi yana asili ya Kikushi. Maarten Mous, katika kitabu chake cha mwaka 2003, alieleza kwamba hazina hiyo ya pili hutunzwa ili kulinda utambulisho wa jamii. Kujenga msamiati wa pekee juu ya sarufi ya kawaida ni tabia ya binadamu, wala haikuanzia kwenye simu.

5. Chasu katika simu

Hasara iko kwingine. Chasu kina historia ya maandishi: Ernst Kotz, mmisionari Mjerumani wa Kanisa la Waadventista, alichapisha sarufi yake mwaka 1909. Hata hivyo, shule haifundishi kukiandika. Ni lugha ya toni, na tahajia ambayo kijana ameizoea, yaani ya Kiswahili, haina alama za toni. Matokeo yake, hata anayekizungumza vizuri husita anapotaka kukiandika, kisha hurudi kwenye Kiswahili.

Chukua mfano wa kundi la ukoo katika WhatsApp, wenye jamaa Bendera, Moshi na Dar es Salaam. Mwito wa mazishi huandikwa kwa Kiswahili, na rambirambi hujibiwa kwa Kiswahili. Shughuli ya ukoo, iliyokuwa ngome ya Chasu, sasa inaendeshwa kwa maandishi, na maandishi yamekuja na lugha yake. Hakuna aliyekikataza Chasu. Kimeachwa nje kwa kukosa mazoea ya kuandikwa.

Lakini simu hiyohiyo ina mlango mwingine. WhatsApp ilianzisha ujumbe wa sauti mwaka 2013, na sauti haihitaji tahajia. Bibi asiyeandika anaweza kumwonya mjukuu wake kwa Chasu, na toni zake zote zikafika. Simu inapopotea au kujaa, sauti hizo hufutika pamoja na methali na majina ya mimea yaliyomo.

6. Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, walimu watumie ujumbe wa simu kama kifaa cha kufundishia: mwanafunzi augeuze kuwa barua rasmi na aeleze alichobadili. Pili, wanafunzi wa isimu wanaotoka Upare wakusanye na kuhifadhi jumbe za sauti za Chasu kwa idhini ya wenyewe. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliihimiza kazi ya namna hiyo kwa lugha za jamii. Tatu, vijana wahimizwe kuandika Chasu kwa herufi wanazozijua, bila kusubiri tahajia kamilifu. Waliobuni "7bu" bila mwalimu hawawezi kushindwa na kazi hiyo.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kijana wa Bendera hajaiacha asili yake; hajaonyeshwa bado pa kuiandika. Wajibu wa kumwonyesha ni wa wasomi wa lugha, na wakati wa kuutimiza ni sasa, wazee wenye Chasu kamili wangalipo.