Tumwachie Mchungaji Jumamosi Yake

 

Leo tunamshukuru Mungu kwa miaka 25 ya kuimba. Tumeombwa tuseme machache kuhusu kwaya na madhabahu. Tumekubaliana tusizungumzie sare wala kinanda. Tutazungumza juu ya Mchungaji na masomo yake, kwa sababu tuna deni kwake.

Alipojiunga na chuo cha theolojia miaka mitatu iliyopita, tulimpigia makofi. Tulidhani masomo ni ya siku za kazi na mahubiri ni ya Jumapili. Hatukujua kwamba yote mawili yanagombania usiku ule ule. Chuo kinataka kazi yake Ijumaa. Jumapili asubuhi sisi tunangoja neno. Katikati kuna harusi, wagonjwa, mazishi, na simu zetu.

Kuna Jumapili alihubiri kama mtu aliye darasani. Vitenzi vya Kigiriki vilitiririka, hata nyanya mmoja akamwuliza mlangoni, "Mchungaji, leo umetuhubiria au umetusomesha?" Tulicheka. Yeye hakucheka.

Kisha tukafiwa na mwimbaji wetu wa besi. Kila jioni Mchungaji alikuwa nasi matangani, akiongoza maombi hadi usiku. Siku ya mazishi alihubiri tukafarijika. Baadaye ndipo tulipojua kwamba hiyo ilikuwa wiki ya mitihani, na kwamba alianguka Kigiriki. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha chuo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza, "Mchungaji, wiki hii una nini?"

Mama Mchungaji ndiye aliyetuambia. Tuliketi na wazee, tukapanga, na barua ile haikupelekwa.

Sasa Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua kitabu cha chuo, anasoma fungu la Jumapili, anaomba, na kuandika ujumbe wake kwa sentensi moja. Jumatano anatupa sentensi hiyo, nasi tunachagua nyimbo kabla ya mazoezi. Zamani tulikuwa tukiimba shangwe naye akahubiri toba. Jumapili moja kila mwezi, mzee wa kanisa anahubiri. Na chuo kikimruhusu kuchagua mada, anachagua kitabu atakachotuhubiria. Kazi yake juu ya Ruthu ilitupatia Jumapili nne, sura moja kila Jumapili. Kiebrania kilibaki ofisini. Kilichotufikia ni mjane mgeni anayeokota masazo shambani. Nyanya yule hakuuliza kitu mlangoni. Alimshika mkono tu, akakawia kuuachia.

Wako wanaouliza, mchungaji anasoma ya nini, na Roho yupo? Paulo akiwa kifungoni alimwomba Timotheo amletee joho lake na vitabu. Hata hapa kwetu, shule ya kuwaandaa watumishi ilianzishwa Frere Town, Mombasa, mwaka wa 1903, ikahamia Limuru mwaka wa 1930, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha St. Paul's. Waliotutangulia hawakuona kusoma kuwa ni upungufu wa imani.

Ombi letu ni hili. Jumamosi kuanzia saa nane mchana, isipokuwa kuna msiba au mgonjwa mahututi, tusimpigie Mchungaji simu. Tumpigie mzee wa zamu. Na kabla ya kupanga tarehe ya harusi, tumwulize mitihani ni lini.

Mtihani wa Kigiriki aliurudia, akapita. Sasa amebakiza tasnifu. Mchungaji, siku ya mahafali usitafute kwaya. Tutakuja sisi.

Mungu awabariki. Amina.