Tusiseme "Ni Uzee Tu"

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi, Siku ya Wazee Duniani, kambi ya Nyarugusu



Umoja wa Mataifa uliiweka siku hii ya 1 Oktoba mwaka 1990, na iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1991. Kamati imeniomba niseme juu ya afya ya wazee. Habari za magoti na macho wauguzi wanazijua kuliko mimi. Nitasema juu ya afya ya akili, kwa sababu ugonjwa wa huko hukaa siku nyingi bila kutajwa jina.

Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1996, watu wa Fizi, Baraka na Uvira walipokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita. Aliyevuka akiwa na miaka 40 alitimiza 65 mwaka 2021. Aliacha shamba la mihogo, nyavu, na makaburi ya wazazi wake. Kule mzee wa Kibembe alikaa katika lubunga, ugomvi ukaletwa mbele yake, na neno lake likasikilizwa. Hapa huitwa jina lake siku ya mgao, na baada ya hapo hakuna anayemwita tena. Sisi vijana tulipoteza mengi, lakini tulikuwa na miaka mbele yetu. Wao walipoteza kazi, jirani na heshima kwa siku moja.

Sisi walimu husikia mengi kwa watoto. Mtoto anasema babu halali usiku. Mwingine anasema bibi anampa chakula chake kila siku, yeye hali. Ukimwuliza mzazi, anajibu: "Ni uzee tu, mwalimu." Ndugu zangu, hapana. Uzee huleta mvi na hupunguza mwendo. Mtu akikosa usingizi, hamu ya kula na furaha kwa wiki mbili au zaidi, akajitenga, akasema afadhali afe, huo ni ugonjwa. Unaitwa sonona, na unatibika hata kwa mtu wa miaka 80.

Tusichanganye mambo. Mzee anayesahau kidogo kidogo kwa miezi na miaka, hata njia ya nyumbani ikampotea, huenda ana ugonjwa wa kusahau. Huo hauna dawa ya kuuponya, lakini mgonjwa huhitaji upole na mtu wa kumwangalia. Anayechanganyikiwa ghafla, jana mzima na leo hajui alipo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo: yaweza kuwa malaria, maambukizo au upungufu wa maji mwilini. Na anayenyamaza, tumpime masikio pia. Asiyesikia huchoka kuuliza, mwisho huacha kuongea.

Tena nasema wazi: mama mzee anayeongea peke yake usiku si mchawi. Neno hilo moja laweza kumfukuza nyumbani au kumwua. Kamati ilikemee bila kumwogopa mtu.

Dawa zipo, na mazungumzo pia ni tiba. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza kazi na akina mama wazee 14. Walifundishwa kusikiliza watu wenye taabu, wakiketi nao kwenye benchi nje ya zahanati. Kishona husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kama sisi tusemavyo "ana mawazo mengi". Utafiti wa watu 573, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata msaada huo walikuwa na dalili chache kuliko wale wa huduma ya kawaida. Angalieni: pale mzee ndiye aliyetibu. Benchi ni mbao na misumari tu, na mafundi tunao.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Familia: kuleni pamoja na mzee, na mumwulize shauri hata katika jambo dogo. Wafanyakazi wa mashirika: mkimhoji mzee, tafuteni mtu wa lugha yake, Kibembe au Kifuliiru, wala msimharakishe, neno la moyoni halitoki kwa dakika tano. Kamati: wekeni mahali pa wazee kukutana kila juma, na muwalete shuleni wafundishe watoto historia, kusuka mikeka na kutengeneza nyavu. Darasa langu liko wazi.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno lao litatufaa tu ikiwa tutakaa karibu tulisikie.

Mungu awape wazee wetu maisha marefu na mioyo mitulivu.