Kampuni ya Familia Moja na Maziwa ya Wafugaji Wengi
Maelezo kwa wafugaji wa Kata ya Ipyana



Asubuhi moja ya Kyela inatosha kuyaharibu maziwa. Yaliyokamuliwa saa kumi na mbili, yakaachwa kwenye ndoo bila kupozwa, huwa yamekwisha kuanza kuchacha kabla ya adhuhuri, kwa kuwa joto la mwambao wa Ziwa Nyasa ndilo hasa linalopendwa na vijidudu vya maziwa. Mfugaji wa Rungwe, kule juu kwenye baridi, ana nafasi ya kulisubiri gari la mnunuzi. Wa Ipyana hana nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo maziwa ya bondeni huishia kwa jirani, mgahawani au kwenye kibuyu cha mtindi, na mwenye ng'ombe hubaki akiamini kwamba biashara ya maziwa ni ya watu wengine.

Ni biashara ya namna gani hiyo, na nani hufaidika nayo? Historia ya kampuni moja ya familia inaweza kulijibu swali hili vizuri kuliko hotuba nyingi. Katika Nyanda za Juu Kusini jina linalofahamika ni ASAS ya Iringa, ambayo nayo ni mali ya familia. Lakini kampuni ya familia iliyopita karibu kila hatua, kuanzia kiwanda kimoja hadi kumiliki viwanda nje ya mipaka ya nchi yake, ni Brookside ya Kenya, na kisa chake kinastahili kuangaliwa kwa makini.

Kabla ya Brookside palikuwa na KCC. Ushirika huo uliundwa mwaka 1925 na walowezi wa Kizungu, na kwa muda mrefu Mwafrika hakuwa na nafasi ndani yake. Baada ya uhuru wafugaji wadogo waliingia kwa maelfu, na KCC ikabaki kuwa mlango mmoja tu wa soko: maziwa ya mijini yalipaswa kupita kwake. Mlango mmoja una raha yake wakati unapofunguka. Ulipoanza kukwama, mfugaji hakuwa na pa kwenda. Malipo yalichelewa kwa miezi, na msimu wa mvua, maziwa yanapokuwa mengi, mengine yalikataliwa yakamwagwa. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ililegeza masharti na kuruhusu wasindikaji wengine kuuza mijini. Mwaka 1993 familia ya Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa nchi hiyo, ilianzisha Brookside, yenye makao yake Ruiru, si mbali na Nairobi.

Haifai kusimulia kisa hiki kana kwamba familia hiyo ilianza kama familia nyingine yoyote. Ilikuwa na ardhi kubwa, ng'ombe wake yenyewe na jina lililofungua milango ya benki na ya ofisi. Hata hivyo jina peke yake haliyapozi maziwa. Kampuni iliweka nguvu zake mahali ambapo KCC ilikuwa imechoka, yaani barabarani kati ya zizi na kiwanda. Ilipeleka magari na vituo vya kupozea karibu na wafugaji, ikawa inayafuata maziwa badala ya kuyangoja mlangoni. Baadaye ilijenga mtambo wa maziwa ya unga, na hapo ndipo ilipopata dawa ya ugonjwa wa zamani wa msimu wa mvua: maziwa ya ziada hukaushwa, yakawekwa hadi kiangazi. Ng'ombe hajui kusubiri soko. Kiwanda kinachoweza kuhifadhi ndicho kinachoweza kununua mwaka mzima.

KCC ilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990, ikauzwa, kisha mwaka 2003 serikali ikairudisha mikononi mwake kwa jina la New KCC. Katika pengo hilo Brookside ilikua haraka, na ilikua zaidi kwa kuwanunua washindani wake. Majina ya Ilara, Tuzo, Molo na Delamere yote yaliingia katika nyumba hiyo moja. La mwisho lina kejeli yake ya kihistoria, kwani Lord Delamere alikuwa kinara wa walowezi wa Kenya, na leo mtindi wenye jina lake huuzwa na kampuni iliyoanzishwa na familia ya mtu aliyefungwa na serikali ya kikoloni.

Mwaka 2014 Danone ya Ufaransa ilinunua asilimia 40 ya hisa za Brookside. Mwaka uliofuata Brookside ilichukua kiwanda cha Sameer jijini Kampala. Kiwanda hicho kilikuwa cha shirika la umma la Uganda kabla ya kukodishwa kwa Sameer mwaka 2006, na Sameer pia ilikuwa kampuni ya familia. Kwa hiyo mtambo uliojengwa kwa fedha za umma ulipita katika mikono ya familia mbili ndani ya miaka kumi.

Mfugaji alipata nini katika safari hiyo? Alipata mnunuzi wa uhakika, na jambo hilo si dogo kwa mtu aliyewahi kumwaga maziwa. Lakini kila mshindani aliponunuliwa, mlango mmoja zaidi ulifungwa, na mwenye lita kumi akabaki akizungumza bei na kampuni inayonunua kwa maelfu ya wafugaji. Katika mazungumzo ya namna hiyo sauti ya lita kumi haisikiki.

Katika kaunti hiyohiyo ya Kiambu iliko Ruiru, wafugaji wa Githunguri walichukua njia nyingine. Ushirika wao ulianza mwaka 1961 ukiwa na wanachama 31. Kwa miaka mingi walikuwa wakikusanya maziwa na kuyauza kwa wengine, na anguko la KCC liliwaumiza vibaya. Hawakuuvunja ushirika. Walikopa, wakajenga kiwanda chao, na mwaka 2004 wakaanza kusindika maziwa yanayouzwa kwa jina la Fresha. Kuwapo kwao sokoni kunamlazimisha hata mnunuzi mkubwa kufikiri mara mbili kabla ya kushusha bei. Hapa Tanzania wafugaji wa Tanga walifanya jambo la karibu na hilo miaka ya 1990: waliunganisha vyama vyao vya msingi na kuingia ubia na Waholanzi, ndipo ikazaliwa Tanga Fresh. Hiyo ilikuwa wakati Tanzania Dairies Limited, shirika la umma lililotegemea sana maziwa ya unga ya msaada, lilikuwa linafifia.

Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Maziwa kusimamia yote haya. Pamoja na hayo, sehemu ya maziwa ya Tanzania inayofika viwandani bado haifikii asilimia 5. Yanayobaki hunywewa nyumbani, huuzwa mtaani au huharibika.

Kwa Ipyana, basi, kiwanda si jambo la kwanza kulifikiria. La kwanza ni tangi la kupozea. Maziwa yakifika kwenye tangi ndani ya muda wa saa mbili tangu kukamuliwa, yakashushwa hadi nyuzijoto 4, yanaweza kulisubiri gari hadi kesho yake. Bila tangi, mnunuzi wa mbali hana sababu ya kuteremka bondeni. Tangi likiwa la mnunuzi, bei nayo ni ya mnunuzi. Likiwa la wafugaji, wanaweza kuongea na zaidi ya mmoja. Linahitaji umeme wa uhakika au jenereta, maji safi na mtu mmoja mwaminifu wa kupima. Upimaji ndio unaovunja vikundi vingi kuliko ukosefu wa fedha. Maziwa halisi husoma kati ya 1.028 na 1.034 kwenye kipimo cha uzito, na yaliyotiwa maji husoma chini ya hapo. Mwanachama mmoja akitia maji, tangi zima linashuka thamani, na waaminifu ndio wanaolipia. Vivyo hivyo kwa maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa: hayaingii tangini hadi siku zilizoelekezwa na mtaalamu wa mifugo zimalizike.

Wapo wanaosema watu wa Kyela hawawezi kushirikiana katika mali. Monica Wilson, aliyeishi na mumewe Godfrey kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika habari nyingine kabisa: vijana wa rika moja walichunga pamoja ng'ombe wa baba zao, na kutoka katika urafiki huo wa machungani wakajenga vijiji vyao wenyewe. Ng'ombe walikuwa wa kila ukoo, lakini kazi ilikuwa ya rika zima.

Idadi ya ng'ombe nayo ni kikwazo. Ng'ombe wa kienyeji wa bondeni hutoa maziwa machache, na chotara akiletwa bila josho hufa kwa ndigana kali kabla hajalipa gharama yake. Kwa hiyo uogeshaji wa kila wiki, majani ya kupandwa, pumba za mpunga na migomba vinatangulia tangi, si kinyume chake. Kikundi cha kaya zenye ng'ombe waliokwisha kuzoea josho kinaweza kupeleka maombi ya usajili wa ushirika kwa afisa ushirika wa wilaya. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaweza pia kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Maombi yanayotaja idadi ya lita zinazokamuliwa kila siku, zilizopimwa na kuandikwa daftarini kwa miezi mitatu, yana uzito kuliko yanayotaja idadi ya ng'ombe peke yake.