Miaka Mitatu Kati ya Saba na Kumi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba binadamu katika udhaifu, kisha akamjaalia nguvu baada ya udhaifu huo. Tunashuhudia kuwa Yeye ni Mmoja asiye na mshirika, na tunashuhudia kuwa Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, mlioko msikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia nafsi zetu, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha Mungu ni kuitunza amana. Leo tutazungumza juu ya amana moja iliyomo katika nyumba nyingi: mtoto aliyekwisha kutoka katika utoto wa kubebwa, lakini hajafikilia kubaleghe.

Mtoto mchanga hakosi wa kumwangalia. Kijana aliyebaleghe hututia hofu, tukamkazia macho. Lakini huyu wa katikati, wa miaka saba hata kumi na miwili, humsahau. Anakula mwenyewe, anavaa mwenyewe, anatumwa dukani akarudi na chenji kamili. Basi twadhani amekwisha kulelewa.

Wanavyuoni wetu wa fiqhi hawakumsahau. Walimwita mumayizi, yaani mwenye kupambanua. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu wa mwambao huu, alama yake ni kuweza kula peke yake, kunywa peke yake na kujisafisha chooni peke yake. Akifika hapo, wazazi wake wakiwa wameachana, huulizwa yeye anataka kukaa na nani. Tazameni, ndugu zetu: mtoto ambaye sisi hatumpi nafasi ya kumaliza neno lake, sheria inamwuliza na kumsikiliza.

Na wataalamu wa elimu ya nafsi wa zama hizi wamekaribia hapo hapo. Jean Piaget wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1980, alionyesha kuwa mtoto mdogo akiona maji ya kikombe kipana yanamiminwa katika kikombe chembamba kirefu, husema maji yamezidi. Afikapo kiasi cha miaka saba hujua kuwa ni yale yale. Akili yake imeanza kupima. Naye Erik Erikson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1950, alieleza kuwa mtoto wa umri huu yumo baina ya mawili: ama ajione kuwa ni mtu anayeweza kazi, ama ajione duni mbele ya wenzake. Yule anayeanza kupima maji, huanza pia kujipima mwenyewe.

Sasa na tuliangalie agizo la Mtume wetu (s.a.w.). Ametuagiza tuwaamrishe watoto kusali wakiwa na miaka saba, na wafikapo kumi tuwatie adabu wakiiacha Sala, na tuwatenganishe katika malazi. Wengi wetu tumeihifadhi ile kumi, tumeisahau ile saba. Hebu tuhesabu. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 hivi, na kila siku ina Sala tano. Kwa miaka mitatu, hizo ni Sala zaidi ya 5,300. Mara zote hizo mzazi ameagizwa kuita, kuonyesha, kurudia na kungoja, bila ya fimbo. Na hata baada ya kumi, wanavyuoni wameshurutisha kuwa adabu hiyo isiumize, isitie alama, wala isiguse uso. Na ikiwa haina manufaa, iachwe. Basi aliyekuwa hakuita hata mara mia, ana haki gani ya kuinua mkono?

Tunataja hapa jambo lililotupata sisi wenyewe, wala hatujivuni nalo. Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukisomesha chuoni. Palikuwa na mtoto wa miaka minane ambaye kila akiitwa asome yaliyoandikwa ubaoni, hunyamaza. Tulimwita mvivu. Wenzake wakacheka, na bakora ikapita juu ya mkono wake. Baada ya siku chache hakuonekana tena. Kila alasiri aliaga kwao kuwa anakwenda chuoni, akaenda kukaa chini ya mwembe hata karibu na Magharibi, kisha akarudi nyumbani akisema kuwa amesoma.

Alipogundulikana, tulikuwa tayari kumwadhibu kwa uwongo wake. Bibi yake ndiye aliyetuzuia. Alisema: "Mwalimu, mjukuu wangu hunitilia uzi katika sindano kila siku. Lakini nikimwonyesha jahazi linaloingia, halioni." Tukaona haya. Tulimketisha mbele, karibu na ubao, naye akasoma. Uwongo ule hakuzaliwa nao, tulimfundisha sisi. Tulimwomba radhi, naye akatusamehe. Hata hivyo, leo ni mtu mzima mwenye watoto, na akitakiwa kusoma mbele ya watu, sauti yake hutetemeka.

Ndugu Waislamu, Anas bin Malik aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) na mama yake akiwa na miaka kama kumi, akamtumikia kiasi cha miaka kumi. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa katika muda wote huo hakuambiwa hata neno la kuchukizwa, wala hakuulizwa kwa nini alifanya hili au aliacha lile. Na siku moja Mtume aliletewa kinywaji, kuliani kwake amekaa mvulana na kushotoni wamekaa wazee. Alimwomba yule mvulana ruhusa awape wazee kwanza. Mvulana akakataa kuitoa fungu lake kwa mtu mwingine, na Mtume akampa yeye kikombe.

Twasema: samaki mkunje angali mbichi. Naam, lakini samaki hukunjwa kwa mkono, hapigwi.

Basi tufanye haya. Tusali pamoja nao, kwani mtoto hufuata mgongo anaouona mbele yake. Tuwape kazi ndogo waimalize, na wakiimaliza tuwaambie kuwa tumeiona. Mtoto asiyeweza kusoma tumchunguze macho na masikio kabla ya kumchunguza tabia. Tusiwacheke mbele ya wenzao. Tukiwaahidi, tutimize. Na tuwaache wacheze. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika kuwa mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri, kwani kumkataza na kumbana kwa masomo daima huuua moyo wake.

Na nyinyi wanafunzi mnaotusikia, mkiwa na ndugu zenu wadogo nyumbani, jueni kuwa wanakutazameni nyinyi kuliko wanavyotutazama sisi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyowakosea watoto wetu kwa haraka yetu. Wape wao nyoyo zisizovunjika, na utupe sisi subira ya miaka mitatu kabla ya hasira ya siku moja. Tunasema haya, na tunakuomba maghufira kwa ajili yetu na kwa Waislamu wote. Amin.