Nauli Kwanza, Kitanda Baadaye
Nasaha za muuguzi kwa akina mama wajawazito, Molo

Wengi mmeniuliza mnunue nini kabla mtoto hajafika. Huku Molo na Kuresoi baridi ya Julai inauma, kwa hivyo anzeni na kofia, soksi, blanketi zito na leso mbili safi. Mitumba si aibu. Ifueni, muianike juani, muipige pasi. Nguo za kuzaliwa zisizidi, mtoto hukua upesi. Chupa, mtanisamehe, iacheni dukani: miezi 6 ya kwanza ni titi pekee. Kitanda si cha haraka. Hizo pesa ziwe nauli, maana uchungu ukianza usiku wa mvua, mwenye gari hakopeshi. Ambaye hajajisajili SHA asiondoke, tuanze naye sasa.