Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya watakatifu Yoakimu na Anna, Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee. Siku hiyo iliwekwa na hayati Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2021. Katika parokia zetu wazee huketishwa mbele, huimbiwa na kwaya, na kina mama wa WAWATA huwagawia kanga, sukari na sabuni. Hilo ni jema na liendelee. Leo, hata hivyo, napenda tuwafikirie wazee ambao hatuwaoni katika mabenchi ya mbele, kwa kuwa hawapo kanisani kabisa. Ni wale wanaoishi katika makazi ya kulelea wazee, mbali na vijiji vyao, mikononi mwa watu wasio wa ukoo wao.

Katika sura ya 21 ya Injili ya Yohane, Bwana anamkumbusha Petro kwamba ujanani alijivika mwenyewe na kujiendea alikopenda, na kumwonya kwamba uzeeni atavikwa na mtu mwingine na kupelekwa asikotaka. Mwinjili anatueleza kuwa Bwana alikuwa akidokeza kifo cha Petro. Lakini ni nani kati yetu asiyeona humo picha ya uzee wa kila binadamu? Siku inafika ambapo mtu aliyelima, aliyejenga na kulea, anangoja mkono wa mwingine umvishe, umlishe na umwoshe. Uhai wake wote na heshima yake yote vimo katika mkono huo. Basi swali la leo ni hili: mkono huo ni wa nani, na ni nani anayeutazama unapofanya kazi yake?

Ndugu zangu wa Kilosa na Mikumi, swali hili linatuhusu kwa namna ya pekee. Wenyeji wa nchi hii, Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, walijua wazi nani ni bibi wa nani na nani ni mjomba wa nani. Lakini katika mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa waliletwa watu kutoka mbali, kutoka Kigoma, Songea, hata Burundi na Msumbiji. Tuliwaita manamba. Vivyo hivyo mashamba ya miwa ya Kilombero, upande wa Ruembe, yalivuta wakata miwa kutoka mikoa mingi. Biashara ya katani ilipoanguka, wengi hawakurudi kwao. Walizeeka hapa hapa, wengine bila mke, bila mtoto wala shamba. Na hata wenyeji wenye watoto wameachwa na watoto hao: kutoka Kilosa wamepanda treni, kutoka Mikumi wamesimamisha basi katika barabara kuu ya Zambia, wakaenda Dar es Salaam au Mbeya kutafuta maisha. Mzee anabaki na kibanda kinachovuja, na pengine na mjukuu wa miaka minane.

Kwa watu wa namna hiyo yamewekwa makazi ya wazee. Katika mkoa wetu wa Morogoro yapo ya Fungafunga mjini Morogoro, na yapo ya Chazi. Mengine yapo katika mikoa mbalimbali: Nunge jijini Dar es Salaam, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza. Baadhi ya makazi ya namna hii yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma. Katika yale ya Kanda ya Ziwa wamepokelewa pia wazee waliokimbia vijijini mwao kwa kuzushiwa uchawi. Zipo vilevile nyumba zinazoendeshwa na mashirika ya kitawa na watu wa dini nyingine. Sitaji majina haya ili kunyoshea kidole nyumba yoyote. Katika nyumba hizi wapo watumishi ambao Mungu peke yake ndiye awezaye kuwalipa. Lakini upendo usio na macho si upendo kamili, na ni lazima tuseme ukweli juu ya hatari iliyopo popote ambapo watu wanyonge wanaishi chini ya uwezo wa wengine.

Shirika la Afya Duniani, likikusanya tafiti za nchi mbalimbali, limekadiria kwamba katika jamii mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hutendewa ukatili wa namna fulani katika muda wa mwaka mmoja. Na katika nyumba za kulelea wazee, watumishi 2 kati ya 3 walikiri wenyewe kuwa katika mwaka huo waliwahi kumtendea mzee vibaya. Tusishtuke tu, bali tufikiri. Haiwezekani watu hao wote wawe na mioyo ya jiwe. Wengi waliingia katika kazi hiyo kwa huruma. Ni nini basi kiliwapata?

Tuangalie jinsi ubaya huu unavyoota. Mtumishi mmoja ameachiwa usiku wazee kumi na watano. Watatu hawawezi kwenda chooni peke yao, mmoja amepoteza kumbukumbu na hupiga kelele hadi alfajiri. Siku ya kwanza mtumishi anambembeleza. Siku ya kumi anamkaripia. Siku ya thelathini anamwambia kuwa asipewe maji jioni, ili asilowanishe godoro. Siku ya sitini anamfungia mlango kwa nje, au anamfunga kamba kitandani, au anamnywesha dawa ya usingizi ambayo mganga hakuiandika. Hakuna aliyeona, hakuna aliyeuliza, na lile lililokuwa dhambi leo, kesho linakuwa taratibu ya nyumba.

Ukatili, wapendwa, hauanzii kwenye fimbo. Kumvua mzee nguo mbele ya watu na kumwogesha kama chombo ni ukatili. Kumwita mtoto, au kumtaja kwa namba ya kitanda, ni ukatili. Kumwacha alalie upande mmoja hadi mgongo upate vidonda ni ukatili. Kuchukua fedha alizotumiwa na mwanawe, au kumwekesha dole gumba katika karatasi asiyoielewa, ni wizi, tena wizi wa mtu asiyeweza kukimbilia popote.

Na kwa nini mzee hasemi? Kwa sababu mkono unaomfinya ndio huo huo unaomletea uji. Anajiuliza moyoni: nikisema, kesho nitalala wapi? Mwingine anaona haya kwamba yeye, aliyewahi kuwa mnyapara au mzee wa ukoo, anapigwa kofi na mtu wa umri wa mjukuu wake. Hivyo ananyamaza, na sisi tunauita ukimya wake amani.

Wahenga walituachia dawa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kulisema neno hili kwa sababu ya kuku anayechinjwa mgeni akija. Katika makazi ya wazee lina maana nzito zaidi. Nyumba inayotembelewa mara kwa mara hupona. Mlango unaofunguliwa kila wiki haufichi kamba. Mzee anayeulizwa habari zake kwa jina na watu wa nje hawezi kuonewa kwa urahisi, kwa kuwa kila mtumishi anajua kwamba Jumatano atauliziwa.

Lakini uko ugeni wa aina mbili. Upo ule wa Krismasi: gari linakuja na magunia ya mchele, picha zinapigwa, hotuba inasomwa, wageni wanaondoka. Wiki moja kabla, mashuka yamefuliwa. Ugeni huo unalisha, lakini haulindi. Upo ugeni wa pili, wa watu wawili au watatu wasiopigiwa ngoma, wanaokuja siku ya kawaida, wanaokaa juu ya ukingo wa kitanda, na wanaorudi. Huo ndio ninaowaombeni.

Mtaniuliza: Padre, sisi tulio Mikumi, Fungafunga iko zaidi ya kilomita mia moja kutoka kwetu, tufanyeje? Nawajibu kwa mambo manne.

Kwanza, mzee wa kigango chetu akipelekwa katika makazi, jina lake lisifutwe katika daftari la Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Jumuiya imteue mtu wa kumfuatilia, awapigie simu walezi na kuomba kuzungumza naye mwenyewe, na angalau mara chache kwa mwaka wawili wakamwone. Parokia zilizo karibu na makazi zipange zamu ya kila wiki kati ya WAWATA, UWAKA na VIWAWA.

Pili, ninyi makatekista na wahudumu wa Komunyo, mnaingia vyumbani ambako mkaguzi hafiki. Mpelekapo Ekaristi, pelekeni pia macho na masikio. Je, mzee aliyekuwa msemaji ananyamaza mtumishi akiingia? Ana michubuko isiyoelezeka? Amekonda ghafla? Anasikia kiu? Ombeni kuzungumza naye faragha. Mkiona jambo, msilitangaze sokoni, wala msilifiche kwa kisingizio cha kulinda jina la nyumba. Mwambieni msimamizi na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na ikiwa ni jinai, polisi kwenye dawati la jinsia. Na hili lihusu pia nyumba zetu sisi Wakatoliki. Msalaba juu ya mlango hautoshi kumlinda mzee ikiwa ndani hakuna anayeulizwa.

Tatu, tuwasaidie walezi. Mtu aliyekesha siku tano mfululizo anahitaji mtu wa kumpokea zamu kabla ya kuhitaji mahubiri. Vijana wetu wanaweza kufua, kuteka maji na kukaa na wazee mchana ili mlezi apumzike. Wenye nyumba nao wawafundishe watumishi wao, wawape wazee kamati yao wenyewe ya kusema, na fedha ya mzee iandikwe katika daftari na kuhesabiwa mbele ya mashahidi wawili.

Nne, na hili ni letu sote, tusifanye makazi kuwa mahali pa kutupia mzigo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia mbele katika kuwatunza wazee, na makazi yakawa kimbilio la mwisho. Katika sura ya 7 ya Injili ya Marko, Bwana anawakemea watu waliotamka mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao. Siku hizi yupo anayetoa mchango mkubwa wa ujenzi wa kanisa huku mama yake hajauliziwa tangu Pasaka ya mwaka juzi. Mungu hapokei tofali lililotolewa katika ukuta wa nyumba ya mama.

Ndugu wapendwa, Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anatuasa tumsaidie baba katika uzee wake na tuwe na subira naye hata akili zake zikipungua, wala tusimdharau kwa kuwa sisi tuna nguvu. Nguvu hizo tumekopeshwa kwa muda. Yule anayevishwa leo alivisha wengine jana, na kila mmoja wetu anayenisikiliza, Mungu akimjalia miaka, atakaa siku moja kwenye ukingo wa kitanda akisikiliza hatua za mtu anayekuja mlangoni. Tuwatendee wazee kama tutakavyotamani hatua zile zitutendee.

Wiki hii, kila Jumuiya iulizane jambo moja tu: ni mzee gani wa kwetu aliyeondoka, naye yuko wapi? Mkipata jina, andikeni. Kisha fungeni safari.

Ee Bwana, uliyewahi kuvuliwa na kufungwa na mikono ya wengine, uwatazame wazee wasio na wa kuwatazama. Uwape walezi wao subira na pumziko. Nasi utupe miguu ya kwenda na masikio ya kusikia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.